Mstari Chini ya Zulia

Jeppestown, Johannesburg
Jumapili, 4 Mei 2025

Kwako Baba yangu, Mzee Mbwana Shekue,

Assalamu alaikum. Shikamoo Baba. Goti linasemaje? Dada Chiku ameniambia unapanda ngazi za msikiti kwa kuzihesabu kama mtoto wa chekechea. Sisi huku wazima, ila baridi imeingia na mkeo mdogo ana mafua. Ametimiza miezi minane, meno mawili chini, na hayo mawili anayatumia kama kumi. Dada yake anaendelea na chuo cha Kurani pale Kituoni, msikitini kwetu. Baba watoto yuko na lori, mara ya mwisho kupiga simu alikuwa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Silali sana, lakini nipo.

Najua hutaki kutumiwa sauti kwenye simu, unasema sauti ni upepo. Basi naandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, napiga picha, Dada Chiku atakuonyesha.

Baba, nina jambo. Kituoni siku hizi katibu ni Bwana Masoudi, Mrundi wa Buyenzi, alikuja baada yako. Si mtu mbaya. Choo kikiziba anazibua mwenyewe, hangoji mtu. Sasa mwezi uliopita alisimama katikati ya msikiti na simu mkononi, akazunguka kama anayetafuta mtandao, kisha akasema, "Wallahi, sisi tunaswali kando!" Simu yake inasema kibla ya Johannesburg ni kaskazini ikielemea mashariki. Mihrabu yetu inatazama kaskazini tupu.

Watu waligawanyika palepale. Wengine wanaswali sawasawa, wengine wamepinda, safu moja inaonekana kama meno ya mzee. Masoudi ametangaza kwamba Jumatano tarehe 28, saa tano na dakika kumi na nane asubuhi, jua litakuwa juu ya Al-Kaaba yenyewe. Tutasimamisha fimbo uani na kivuli kitatoa hukumu. Jumapili inayofuata, tarehe 1 Juni, mkutano utaamua.

Ningekaa kimya, maana kibla ni kibla. Lakini safu zikigeuka, jengo haligeuki. Jengo letu ni refu na jembamba, unalijua kuliko mimi. Safu zikikaa mshazari, upande wa kulia unarudi nyuma mita mbili, unaingia chumba chetu cha wanawake mpaka kwenye mlango wa kichochoroni. Masoudi amepima. Kinachobaki, amesema, ni kona ya kuwekea viatu. "Kina mama mna ruhusa ya kuswali nyumbani, dini imewarahisishia."

Nyumbani kwangu, Baba, ni nusu ya chumba ghorofa ya nne. Nusu nyingine ni ya Wamalawi watatu, katikati pazia.

Katika waliofungua Kituo mmebaki wawili, wewe na Mzee Khatibu mwadhini. Nikimuuliza Mzee Khatibu anasema, "Muulize Fundi Kibla mwenyewe." Basi nakuuliza. Ule mstari wa kibla uliupima? Na ni kweli wanawake waliahidiwa kile chumba? Nijibu kabla ya tarehe 28.

Mwanao,
Kidawa

*

Muheza
Ijumaa, 9 Mei 2025

Kwa mwanangu Kidawa,

Waalaikum salaam. Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma, Chiku kaikuza maandishi kwa vidole mpaka nikaona hata madoa ya chai. Mimi mzima. Goti lipo, nami nipo, hatujapatana. Machungwa mwaka huu yamezaa vizuri, matawi mawili yamevunjika kwa uzito. Mwambie mke wangu mdogo nimemwekea.

Huyo mtoto mpake mafuta ya nazi kifuani, usimfunike kichwa akilala.

Hayo ya Kituo waachie wenye Kituo. Mimi ni mzee, niliondoka zamani, na msikiti haujengwi kwa barua. Wakisema mswali nyumbani, swalini nyumbani, Mwenyezi Mungu anawaona. Usigombane na wanaume kwa ajili ya chumba.

Mvua huku zimepungua.

Baba yako,
Mbwana Shekue

*

Jeppestown
Jumatano, 14 Mei 2025

Baba,

Assalamu alaikum, shikamoo. Mafua yamepoa, mafuta ya nazi yamesaidia, ahsante. Na wewe jifunge goti kwa kitambaa cha moto, usijifanye kijana.

Nilikuuliza mambo mawili, umenijibu machungwa.

Nisikilize kidogo. Siku yangu inaanza saa kumi na moja. Namfunga mtoto mgongoni, nashuka ghorofa nne, lifti ni kaburi la siku nyingi. Namsindikiza mkubwa, navuka robot mbili, hizi taa za barabarani, naingia Kituoni kwa mlango wa kichochoroni. Mama Marcelline yupo pale ameshawasha hita. Unamkumbuka Mama Marcelline, Mkongo msusi, mtu wa kanisani. Anabaki na mtoto mpaka saa nne, ndipo wateja wake wa nywele wanapoanza, na katikati hapo mimi napata kushona. Mchana naacha cherehani naingia chumbani, nanyonyesha, naswali adhuhuri, nalala dakika ishirini kwenye zulia. Hizo dakika ishirini, Baba, ndizo zinanifanya nisimpige mtoto jioni.

Si mimi peke yangu. Pale ndipo tunapoosha maiti wa kike. Pale msichana aliyefukuzwa na mumewe analala mpaka apatikane ndugu. Na ule mwaka wa fujo, 2008, walipokuja na marungu kutafuta wageni, nilikuwa na miaka kumi na minne, nakumbuka ulivyoegemeza benchi mlangoni. Mama Marcelline alijifungulia mle. Hakuna aliyemuuliza dini. Nilipomwambia kwamba chumba kinaondoka alinitazama hivi: "Ma fille, binti yangu, bao batafunga mulango, na weye utaenda wapi na mutoto? Mungu iko na mashariki na kaskazini, lakini mwanamuke iko na ule mulango tu."

Sasa sikia la jana. Tulitoa mazulia kuyafua kabla ya Idi. Mimi nikawa nafagia sakafu ya saruji, upande wa wanaume, karibu na nguzo ya pili. Nikaona mchoro. Mstari umechongwa kwa patasi, mrefu kama mtu aliyelala. Haujanyooka na ukuta. Umelala mshazari, unaelekea kaskazini ikielemea mashariki, kama simu ya Masoudi inavyosema.

Na mwishoni mwa mstari pana kisamaki.

Kisamaki chako, Baba. Kile unachochonga chini ya kila kitanda, kila kabati, kila benchi. Nimekulia juu ya vile visamaki.

Nimeufunika kwa zulia kavu. Hakuna aliyeona ila mimi na Mungu. Niambie.

Mwanao,
Kidawa

*

Jeppestown
Jumatano, 21 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Dada Chiku anasema barua umeisoma, tena mara mbili, kisha ukaenda shambani bila kofia.

Wiki moja imepita. Masoudi ameshanunua fimbo, ya alumini, inang'aa. Jana ameandika kwenye ubao kwamba waasisi wetu "walikuwa watu wa nia njema ila hawakuwa na elimu." Mzee Khatibu aliufuta ubao kwa mkono wa kanzu. Anakutetea, Baba. Anakutetea na hajui ninachokijua. Kila akinisalimia natazama chini.

Usinifanyie hivi.

Kidawa

*

Muheza
Jumapili, 25 Mei 2025

Mwanangu Kidawa,

Waalaikum salaam. Marahaba. Hali yangu si ugonjwa, ni kuona haya. Naandika mwenyewe, nimemwomba Chiku apige picha bila kusoma. Akisoma, basi.

Lile jengo lilikuwa kiwanda cha kukunja mabati. Mama mmoja wa Fordsburg, mjane, alitupa wakfu mwaka 1996. Sakafu ilikuwa mafuta matupu, ukisujudu unainuka na paji jeusi. Wanaume mchana tulikuwa kazini. Waliobeba mchanga na saruji kwa ndoo wakatandika ile sakafu ni wanawake tisa, marehemu mama yako akiwemo, alikuwa ndiyo kwanza kafika, wewe tumekuacha kwa bibi zako. Siku ya mwisho nikawaambia mbele ya Khatibu: robo ya nyuma ni yenu, na mlango wenu, hakuna wa kuwatoa. Hilo ni swali lako la pili. Ni kweli.

La kwanza. Kibla sikupima. Waliniambia, wewe fundi, tuonyeshe. Mimi kwetu Muheza tangu nazaliwa tunasimama kaskazini. Nikaonyesha kaskazini. Sikufikiri kwamba mtu akihama, kibla nayo inahama. Wakaniita Fundi Kibla, nikalipenda lile jina.

Mwaka 1999, mwezi wa saba, msafiri mmoja alipita akanifundisha hiyo habari ya jua juu ya Al-Kaaba. Siku ilipofika nilikuwa peke yangu na mama yako. Nikasimamisha ufito penye mwanga wa mlango mkubwa. Kivuli kililala kando ya mstari wangu, Kidawa. Kando kweli. Nikachukua patasi nikachonga haraka kabla kivuli hakijaondoka, nikaweka na samaki kwa mazoea. Nilikusudia kuwaambia watu adhuhuri ileile.

Mama yako akaja na chai. Akautazama ule mstari, akautazama ukuta wa mbao niliowatengenezea. Yeye hakusoma lakini alikuwa na jicho. Akasema, "Ukigeuza safu, sisi tutasimama wapi?"

Nikavuta zulia.

Sikumuuliza sheikh yeyote. Niliogopa kujibiwa. Nikajiambia nafanya kwa ajili ya wanawake, na sehemu ni kweli. Sehemu nyingine ni kwamba sikutaka kuitwa mtu aliyekosea. Miaka kumi na tisa nimeswali juu ya ule mstari. Nikisujudu, paji langu lilikuwa linaugusa kupitia zulia, nikawa nausikia.

Sasa umejua. Nakuomba kitu kimoja. Barua hii ifiche mpaka nitakapoondoka duniani. Haitakuwa mbali. Khatibu asiisome nikiwa hai.

Baba yako,
Mbwana

*

Jeppestown
Jumanne, 27 Mei 2025

Baba yangu,

Assalamu alaikum. Shikamoo, na shikamoo tena. Mtoto yuko pajani wakati naandika, ndiyo maana herufi zinaruka. Nimelia, nimeosha uso, nimekaa kwenye cherehani, sindano imenichoma. Sasa nimetulia.

Sikuhukumu. Mimi nani? Juzi nimemdanganya mteja kwamba zipu imechelewa kuja, kumbe nililala.

Lakini kuficha siwezi. Kesho kivuli kitasema kibla. Hiyo si siri tena, siri ni ahadi. Mzee Khatibu anakumbuka mliahidi "mahali", hakumbuki robo wala mlango. Wewe peke yako umeandika. Nikiificha barua ili kukulinda, nafukia chumba pamoja nayo. Nikisoma kipande cha ahadi tu na kuruka cha patasi, basi na mimi nimevuta zulia. Hapana, Baba. Ikisomwa, inasomwa yote.

Siku ya ndoa yangu, pale pale Kituoni, uliingia chumba cha wanawake kuniuliza kama nimeridhia. Uliniuliza mara tatu. Mimi nilikuwa nimeinama, sikusema neno. Ukatoka ukawaambia wanaume: "Kanyamaza. Kimya cha mwali ndiyo ridhaa yake." Wakafunga ndoa.

Na mimi nakuuliza leo: Baba, umeridhia niisome? Nakuuliza mara ya pili: umeridhia? Na mara ya tatu.

Ukikataa, andika neno moja tu, hapana, na nitalitii, nitaichoma barua na nitaendelea kukusalimia kama kawaida. Ukinyamaza mpaka Jumapili adhuhuri, kimya chako nitakichukua kama ulivyochukua changu.

Mwanao akupendaye,
Kidawa

*

Jeppestown
Jumatatu, 2 Juni 2025

Kwa Baba yangu,

Assalamu alaikum. Shikamoo.

Ulinyamaza. Simu niliishika mkononi mpaka imamu anatoa salamu ya adhuhuri. Dada Chiku aliandika tu, "Baba kakaa na kalamu tangu Ijumaa, karatasi nyeupe." Nikajua nimejibiwa.

Nianze na Jumatano. Uani palijaa, jua kali, baridi kali, watu wanatoa moshi mdomoni. Ilipofika dakika yenyewe Masoudi alinyanyua mkono, hata watoto wa chuo wakasogea. Kivuli kikalala mshazari. Hakuna aliyeshangilia. Mzee Khatibu alikitazama, akasema, "Kivuli nacho kinaweza kukosea," akaingia ndani.

Jumapili basi. Masoudi alimwalika sheikh kutoka Mayfair. Nikaomba kusema. Kijana mmoja wa Kitanzania nyuma akasema, "Eish, na mafundi cherehani wana fatwa siku hizi?" Watu wakacheka. Nikamwambia, "Suruali uliyovaa nimekukunjia mimi, kaa vizuri isije ikafumuka." Wakacheka zaidi, nikapata nafasi.

Nikaisoma, Baba. Nilisimama mlangoni pa chumba chetu, ukuta wako wa mbao begani kwangu, nikasoma kutoka salamu mpaka jina lako. Nilipofika kwenye "nikavuta zulia", Mama Marcelline akaja kunishikia mtoto. Kisha nikaenda mwenyewe nguzo ya pili nikalifunua.

Nakwambia yote kama ilivyokuwa. Mzee Khatibu alipiga magoti akakigusa kisamaki kwa kidole. Akasema, "Mbwana. Miaka yote nimesimama bega lako la kulia." Akainuka, akaenda ukutani akaishusha ile picha yenu ya ufunguzi, akatoka nayo. Mpaka leo hajarudi kuadhini. Nimekwenda kwake mara mbili, hakufungua. Hiyo ni juu yangu, naibeba.

Sheikh aliuinamia ule mstari. Akasema swala za nyuma za watu zimeswihi, walielekea upande wake kwa kadiri ya kujua kwao. Asiyejua si kama anayejua, na mwenye kujua ameandika, hayo ni yake na Mola wake. Ila kuanzia alasiri hiyo, geukeni. Na ahadi iliyotolewa mbele ya shahidi juu ya wakfu, alisema, si ya kamati kuifuta.

Masoudi akashika kichwa. "Mama Kidawa, ahadi nimeisikia. Lakini nafasi natoa wapi? Jengo ni hilohilo!"

Hapo nikatoa gazeti. Usiku wa Jumamosi mtoto alikuwa hataki kulala, nikakaa nakata gazeti kwa umbo la Kituo, kama ninavyokata patani ya gauni. Baba, kitambaa kipana ukikikata mshazari unapoteza kona kubwa. Ukikigawa kwa urefu, vipande viwili vyembamba, kona zinakuwa ndogo. Wote walikuwa wanafikiri wanawake lazima wawe nyuma, kwa upana. Nikawaonyesha: ukuta wa mbao usimame kwa urefu, sisi tuchukue ukanda wa upande wa mashariki, mlango wetu wa kichochoroni unabaki wetu. Na kwa kuwa safu mpya zenyewe zinarudi nyuma upande huo, tutakuwa nyuma ya wanaume bila mtu kugombana.

Masoudi alilichukua gazeti akaligeuza, akaligeuza tena. Akapima kwa futi yangu. Akapima mara ya pili maana ya kwanza hakuamini. Akasema, "Robo kamili. Na sisi tunapata safu moja zaidi." Kisha akaniambia polepole, wengine wasisikie, "Kwenye ubao niliandika vibaya. Mwambie mzee."

Nimekwambia.

Alasiri tuliswali tumegeuka, wanawake tumebanana nyuma kwa muda, viatu vya watu vimetugusa visigino. Kabla ya Idi, Jumamosi hii, ukuta lazima uhamishwe. Na hapa ndipo tumekwama. Mafundi watatu wameujia, hakuna anayeona unaanzia wapi. Hauna msumari hata mmoja. Mmoja ameleta msumeno wa umeme, nimekaa mlangoni, nimesema hapiti mtu na msumeno hapa.

Sijui kama unataka kuniandikia tena. Kama hutaki, nitaelewa. Lakini ukuta niambie.

Mwanao,
Kidawa

*

Muheza
Jumatano, 4 Juni 2025

Mwanangu Kidawa,

Waalaikum salaam. Marahaba.

Usianzie mlangoni, wote wanaanzia mlangoni. Anzia ubao wa tatu kutoka kichochoroni. Chini yake, usawa wa kifundo cha mguu, pana kisamaki. Kichwa cha samaki kinaonyesha upande wa kusukuma. Ubao utapanda kidole kimoja, kisha unauvuta kwako. Zingine zitafuata zenyewe, ulimi mmoja umeushika mwingine. Msitumie nyundo. Vigingi ni kumi na kimoja, vya mninga, viwekeni kwenye kopo moja visichanganyike na takataka.

Khatibu mwache akasirike, ni haki yake. Usimgongee tena mlango. Nimemwandikia mwenyewe, barua yake imetangulia yako. Picha akipenda kuirudisha airudishe bila mimi, nimesimama pembeni, panakatika.

Masoudi nimemsikia.

Sikuandika hapana. Nilitaka. Kalamu niliishika siku tatu.

Kigingi cha kumi na moja, cha juu karibu na dari, utakiona kimekaza kuliko vyote. Hicho sikukigonga mimi. Niliwapa nyundo wale wanawake tisa, kila mmoja akapiga mara moja, wa mwisho mama yako. Msikilazimishe. Baridi kavu ya huko kwa miaka yote hii itakuwa imekilegeza. Panda ngazi wewe mwenyewe, mtoto mpe Marcelline, kishike kwa vidole, kizungushe kidogo kuelekea mashariki.

Kitatoka. Na mtakaposimamisha upya, kigongwe na mwanamke.

Baba yako,
Mbwana, fundi wa mbao